Kuchora valvu ya kufyonza ya endoskopu: mwongozo kamili kutoka benchi la Nakuru

Endoskopu, ama skopu, ni ile paipu yenye kamera ambayo daktari hutumia kuangalia ndani ya tumbo, na valvu ya kufyonza inakaa kwenye kishikio chake. Ukiishika mara ya kwanza unaona ni kitufe tu chenye springi, unabonyeza uchafu unaenda kwa pampu, basi. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa hivyo, ulionyesha kila kitu kuhusu ikibonyezwa na hakuna chochote kuhusu ikiwa imeachiliwa. Na hapo kwa kuachiliwa ndipo kazi kubwa iko, kwa sababu kidole cha daktari kinakaa juu yake bila kubonyeza muda mrefu kuliko kinavyobonyeza, pampu bado inavuta muda huo wote, na hiyo nguvu lazima iende mahali pengine pasipo mgonjwa. Kwa hivyo katika huu mwongozo valvu iliyolala, yaani iliyoachiliwa, inapewa uzito sawa na iliyobonyezwa, na sinki ya kuoshea pia ina hatua yake.

Nawaandikia mabiomed (mafundi wa vifaa vya hospitali), wanafunzi wa poli na mafundi wa letha, mashini ya kuchonga chuma, wa huku kwetu, maana kazi ya endoskopi si ndogo upande huu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet wameweka stenti za umio, vijibomba vya kufungua njia ya chakula, miaka mingi kwa wagonjwa wa saratani ya umio wasioweza kumeza hata maji, na mgonjwa wa namna hiyo anakuja umio umejaa mate na chakula kilichokwama, sakshoni, yaani kufyonza, ikiwa dhaifu daktari haoni kitu na mgonjwa anaweza kupaliwa. Na niseme sasa hivi kabla hujawasha mashini, chenye utatengeneza kwa kufuata haya ni cha benchi na mafunzo, hakiingii kwa skopu ya mgonjwa mpaka kipite hatua ya mwisho hapo chini.

Hatua ya 1: fuata hewa

Kwa kishikio cha skopu kuna silinda ndogo ya chuma. Kwa muundo ninaouchora hapa njia ya pampu inaingilia chini ya silinda, na njia ya mgonjwa inaingilia ubavuni, hiyo ni ile chaneli moja ambayo pia vifaa vya kuchukua kinyama cha kupima hupitia. Pistoni ina uwazi katikati kuanzia chini na tundu moja ubavuni, kama herufi L iliyopinduliwa. Ikiwa imeachiliwa, springi inaiinua, lile tundu linakaa juu kwenye mwanya ulio wazi kwa chumba, pampu inavuta hewa ya chumba (ile "sss" unasikia wakati wote ndiyo hiyo) na ukuta wa pistoni unaziba njia ya mgonjwa. Ikibonyezwa, tundu linashuka linakutana na njia ya mgonjwa, na sketi ya silikoni iliyo chini ya kitufe inakalia mdomo wa silinda na kufunga hewa ya chumba.

Skopu zingine zimegeuza, pampu ubavuni na mgonjwa chini. Usikisie. Chukua skopu iliyoandikiwa kutupwa, toa valvu, puliza hewa kidogo kwa sindano ya 50 ml kutoka upande wa pampu, uone inatokea tundu gani. Chora kwa karatasi mishale ya hewa katika hali tatu, imeachiliwa, imebonyezwa nusu, imebonyezwa yote. Ile ya nusu wengi wanairuka na madaktari wanaipenda sana kwa sababu wanavuta pole pole bila ukuta wa utumbo kunyonywa kwa ncha, kwa hivyo acha tundu lipite hatua ambayo limefungua pande zote mbili kidogo kidogo.

Hatua ya 2: pima silinda, usipime valvu kuukuu

Valvu imetumika miaka, imelika. Ukiiga kipimo chake unaiga uchakavu wake. Pima silinda kwa pini za kipimo, zile za kuingiza moja moja mpaka moja igome, maana vanya kalipa (kipimo cha taya) ndani ya tundu la milimita 8 inadanganya. Andika kipenyo juu, katikati na chini, andika pia kina cha njia ya ubavuni kutoka mdomoni.

Hatua ya 3: matundu

Sheria yangu hapa ni moja, hakuna mahali ndani ya valvu panaruhusiwa kuwa pembamba kuliko chaneli ya skopu. Kitu kikiingia kwa ncha lazima kiweze kutoka mpaka kwa jagi la kukusanyia uchafu, la sivyo donge la damu litasafiri mita nzima lije likwame kwa kona ya valvu yako. Skopu ya kawaida ya tumbo ina chaneli ya milimita 2.8, hiyo ni eneo la milimita za mraba 6.2. Zile za matibabu zinafika 3.8, eneo 11.3. Sasa mtu anatoboa tundu la milimita 2 kwa sababu hiyo ndiyo drili alikuwa nayo, eneo lake ni 3.1, amekata njia nusu na hajui.

Shida inakuja na mwendo wa kitufe. Tuseme kitufe kinashuka milimita 4 na njia ya mgonjwa ina kimo cha milimita 3. Tundu lako likiwa na kimo cha 3 pia, linabaki na ukuta wa milimita 1 tu wa kutenganisha wakati valvu imelala. Ukitaka eneo kubwa zaidi usiongeze kimo, panua kwa upana, tundu liwe la yai lililolala. Na pistoni isizunguke, weka pini moja kwa ubavu na mfereji wake, uipange kwamba valvu inaingia upande mmoja tu, nesi akiwa na haraka asiweze kuiweka vibaya hata akitaka.

Mwanya wa hewa ya chumba mimi huanza na eneo mara mbili ya lile la tundu. Ukiwa mdogo, presha ndani ya silinda inashuka hata valvu ikiwa imelala, na ule mvutano unaanza kutafuta njia ya kwenda kwa mgonjwa kupitia nafasi ndogo kando ya pistoni. Daktari anajaza hewa tumboni ili kuta zifunguke, valvu inaiiba polepole, anajaza tena, na mgonjwa anakaa mezani muda ambao hakuhitaji.

Hatua ya 4: nafasi kati ya pistoni na silinda

Hewa inayopenya kwenye hiyo nafasi inapanda kulingana na nafasi mara nafasi mara nafasi. Yaani ukiongeza nafasi mara mbili, uvujaji unakuwa mara nane. Nilipiga hesabu kwa pistoni ya milimita 8, urefu wa kuziba milimita 5, tofauti ya presha kPa 10 (kilopaskali). Nafasi ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) kila upande inapitisha kama mililita 380 za hewa kwa dakika. Ya mikroni 15, kama 47. Na hiyo ni pistoni ikiwa imekaa katikati sawasawa, ikiegemea upande mmoja kabisa uvujaji unaweza kufika mara mbili na nusu.

Kwa hivyo mchoro uandikwe vizuri. H7 na f7 ni alama za mchoro zinazosema kipimo kinaruhusiwa kupotoka kiasi gani. Silinda ya 8 kwa kipimo cha H7 inakuwa kati ya 8.000 na 8.015, pistoni ya f7 inakuwa kati ya 7.972 na 7.987. Nafasi kubwa zaidi inayoweza kutokea hapo ni mikroni 21 na nusu kila upande, inakubalika. Fundi wa letha wa jua kali anaweza kufika hapo, nimeona kwa macho, lakini umwambie mapema na umpelekee mikromita, usimpe mchoro ulioandikwa "8 mm" halafu ulalamike.

Kuna wanaotaka kumaliza shida kwa pete za mpira tatu nne. Mimi nakataa. Kila pete ina kibanda chake cha uchafu, inaongeza msuguano, na ikikauka kidole kinahisi kitufe kinagoma. Ukiweza kufunga kwa chuma kwa chuma chini na sketi moja ya silikoni juu, baki hapo.

Hatua ya 5: springi, na mambo ya Nakuru na Mombasa

Hapa ndipo nakuomba utulie.

Kuna hospitali moja valvu ilikwama chini katikati ya kazi. Ncha ilikuwa imenyonya ukuta wa utumbo, daktari akaondoa kidole, kitufe hakikurudi, na nesi akang'oa paipu ya pampu ndiyo ikaachilia. Mgonjwa alikuwa sawa. Tulipoifungua tukapata springi isiyo yake, ya urefu uleule, waya mwembamba kidogo tu. Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu springi badala ya kuilinganisha kwa macho.

Hesabu ni hii. Ncha ikizibwa na nyama hewa inasimama, na mvutano wote wa pampu unajaa ndani ya silinda. Juu ya kitufe kuna hewa ya dunia, chini hakuna, kwa hivyo pistoni inasukumwa chini. Eneo la pistoni ya milimita 8 ni milimita za mraba 50. Pampu nzuri inayotoa asilimia 90 ya hewa, Mombasa ambako hewa ni kPa 101, itakupa kPa 91, hiyo ni nguvu ya nyutoni 4.6 inayovuta kitufe chini (nyutoni 1 ni karibu uzito wa gramu 100). Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa yetu ni kama kPa 81, pampu ileile inafika 73 tu, nguvu inakuwa 3.7. Kisumu iko katikati, mita 1,130 hivi, hewa kama kPa 88.

Unaona mtego uko wapi. Valvu inaweza kupita testi zote hapa kwetu, ikipanda basi mpaka Pwani inakwama. Kwa upande mwingine nguvu ya kufyonza inapimwa kwa mahali pa juu, kwa sababu Nakuru ama Eldoret ndiko pampu ni dhaifu zaidi. Springi ichorewe Mombasa, matundu yachorewe Eldoret. Hii pia ndiyo sababu geji ya pampu hapa haifiki pale kitabu cha mashini kinasema na mtu anaitisha pampu mpya, wakati pampu haina ubaya wowote, Nakuru hewa yote iliyopo ni kama mmHg 608 (milimita za zebaki, kipimo kingine cha presha) badala ya 760 ya usawa wa bahari, huwezi kuvuta zaidi ya hapo.

Turudi. Nyutoni 4.6 jumlisha msuguano, weka nyutoni 1, unapata 5.6. Springi ikiwa imebanwa mpaka chini lazima isukume zaidi ya hapo, mimi nalenga 6.1. Ikiwa imelala iwe inasukuma 2.5 ili sketi isikae ikicheza. Tofauti ni 3.6 kwa mwendo wa milimita 4, kwa hivyo ugumu wa springi ni nyutoni 0.9 kwa kila milimita. Waya wa stenlesi wa milimita 0.8, kipenyo cha katikati milimita 10, mizunguko inayofanya kazi 4, inatoa karibu hiyo hiyo. Ongeza mizunguko miwili ya kufunga, mmoja juu na mmoja chini, urefu ikiwa huru milimita 13.

Sasa jaribu waya wa 0.7 kwa hesabu hiyo hiyo. Ugumu unashuka mpaka 0.53, kwa sababu unene wa waya unaingia kwa hesabu mara nne, unene mara unene mara unene mara unene. Nguvu ukiwa umebonyeza inakuwa kama 3.6, na hiyo haitoshi hata Nakuru. Sehemu ya kumi ya milimita, ambayo macho hayaioni, ndiyo ilikuwa inamshikilia yule mgonjwa.

Mtu atasema basi weka springi ngumu tumalize. Hapana. Kitufe hiki kinabonyezwa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mkono huohuo umebeba kishikio na unazungusha magurudumu ya kupinda ncha, kuanzia asubuhi mpaka foleni iishe. Mpe daktari springi ya nyutoni 10 na jioni hawezi kushika kikombe cha chai.

Hatua ya 6: malighafi

Pistoni, stenlesi ya 316L. Shaba nyeupe na shaba nyekundu usiguse, asidi ya perasetiki inayotumika kuua vijidudu inazila. Nailoni inakunywa maji na kuvimba, na hapa tunapigania mikroni. Sketi iwe silikoni ya daraja la matibabu, inavumilia otoklevu, mashini ya mvuke ya kuua vijidudu, ya nyuzi 134. Kitufe kinaweza kuwa PEEK, plastiki ngumu inayovumilia joto, ukiwa na pesa. Plastiki ya PLA ya printa ya 3D inalegea kuanzia nyuzi 60 hivi, hiyo ni ya kushika mkononi na kuonyesha daktari umbo, basi.

Hatua ya 7: ichore kama mtu atakayeiosha

Nenda kasimame kwa chumba cha kuoshea skopu asubuhi moja, na ruhusa. Angalia sista akiosha valvu ya kumi ya siku kwa brashi ndogo, glavu zimelowa, skopu ingine inasubiriwa. Yeye ndiye mteja wako. Kwa hivyo brashi iingie chini itokee ubavuni bila kona kali, pembe zote za ndani ziwe za mviringo, hakuna tundu lisilo na mwisho, mizunguko ya springi iachane vya kutosha maji yapite kati yake. Uso wa chuma ulainishwe mpaka Ra 0.8 ama chini (Ra ni kipimo cha ukwaruzo wa uso, kwa mikroni). Sketi ifunguke kwa mkono na irudi kwa mkono, bila bisibisi.

Kuna testi rahisi naipenda. Changanya ute na kiini cha yai na rangi ya chakula nyekundu, paka valvu ndani na nje, iache ikauke saa nzima, halafu mpe mtu asiyeijua aoshe kama kawaida. Kisha ifungue uangalie kwa lenzi. Popote palipobaki wekundu, mchoro una kosa hapo, usimlaumu muoshaji. Valvu yangu ya kwanza ilibaki nyekundu kwa mfereji wa pini, nikaufanya uwe wazi mpaka chini na ikaisha.

Hatua ya 8: tengeneza

Printi umbo kwa plastiki mara mbili tatu, uchore upya kwa FreeCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, ni ya bure na inatosha. Kisha chonga chuma. Tengeneza silinda ya benchi pia, ya kipimo sawa na ya skopu, usijaribie kwa skopu nzima. Toa vipande vitano, si kimoja, kwa sababu kimoja kizuri kinaweza kuwa bahati.

Hatua ya 9: testi

Weka mashini ya sakshoni, jagi, geji, silinda yako na paipu yenye kipenyo na urefu wa chaneli halisi. Pima muda wa kuvuta maji mililita 500, rudia mara tano, linganisha na valvu ya kiwanda kwa pampu hiyohiyo siku hiyohiyo. Baada ya maji tumia uji wa wimbi, mwepesi kwanza halafu mzito, kwa sababu tumboni hakutoki maji safi. Nimeona valvu mbili zinalingana kwa maji na moja inakufa kwa uji, shida ikiwa ni kona moja tu ya digrii 90.

Halafu achilia kitufe, ingiza mwisho wa paipu ya mgonjwa kwa glasi ya maji, angalia kama maji yanapanda ndani ya paipu. Yakipanda, valvu inaiba ikiwa imelala, rudi hatua ya 3 na ya 4.

Testi ya kukwama, ziba mwisho wa paipu kabisa, bonyeza, subiri geji ifike juu, achilia. Kitufe kirudi chenyewe haraka. Kama uko Nakuru ongeza uzito wa gramu 100 juu ya kitufe, hiyo ni karibu nyutoni 1, inafidia ile tofauti ya Mombasa. Fanya hivyo ikiwa kavu, ikiwa na maji, na ikiwa na uji uliokauka nusu.

Mwisho ni kuchoka. Mota ya waipa ya gari kutoka kwa wauza spea, kipande cha mkono, na kaunta. Ikizunguka mara 45 kwa dakika inabonyeza mara 10,000 kwa chini ya saa nne. Pima springi na pistoni kabla na baada, kisha zipitishe otoklevu mara 50 na upime tena, silikoni huwa inaficha uchovu wake mpaka ipate joto.

Hatua ya 10: makaratasi

Kenya vifaa vya matibabu viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, Pharmacy and Poisons Board. Bila usajili wao valvu inabaki kwa benchi. Anza faili siku ya kwanza, si siku ya kuomba. ISO 14971 inakuongoza kuorodhesha hatari moja moja (andika ile ya kukwama chini iwe ya kwanza), ISO 10993 ni ya kupima kama malighafi inadhuru mwili, ISO 13485 ni ya mfumo wa ubora wa karakana yenyewe, na ISO 17664 inahusu maelezo ya kuosha ambayo lazima umpe mtumiaji. Hayo maelezo ya kuosha yaandike kwa Kiswahili pia, kwa picha, karatasi moja ya kubandikwa juu ya sinki.

Kila valvu iwe na namba iliyochongwa kwa leza kwenye kitufe, mahali brashi haisugui, na ikae na skopu yake moja, zioshwe pamoja, ziandikwe kwa daftari pamoja. Kwa mchoro wangu wa sasa namba iko pembeni chini ya alama nyekundu, na springi ina namba yake tofauti kwa pakiti pamoja na unene wa waya, 0.8, uliopimwa kwa mikromita na aliyeupima akatia sahihi.